Maoni ya Msomaji Juu ya Riwaya ya Kisayansi na Mapenzi: Yapokewe Vipi Darasani?

Katika ufundishaji wa hadithi kuna tabia moja iliyozoeleka mno hata haihesabiwi tena kuwa kasoro. Mwalimu humaliza kusoma, kisha huuliza darasa, "Je, hadithi hii mmeionaje?" Wanafunzi hujibu kwa pamoja, "Nzuri!" Mwalimu husema, "Vema," halafu hugeukia ubao na kuandika wahusika, dhamira na mafunzo kama alivyoyaandaa katika andalio lake la somo. Swali limeulizwa, jibu limetolewa, lakini hakuna kazi yoyote iliyofanywa na jibu hilo. Lingeweza kuwa "mbaya" na ubao ungeandikwa yale yale.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maoni ya msomaji ni mwanzo wa somo la fasihi wala si pambo lake. Hoja yangu ni kuwa mwalimu hana haki ya kuyatupa maoni ya mwanafunzi, na wala hana ruhusa ya kuyakubali yote kwa upole usio na maana. Wajibu wake ni kuyadai ushahidi. Ili hoja hii isibaki hewani, nitatumia mfano wa riwaya ya aina ambayo walimu wengi huikwepa, yaani riwaya inayochanganya mambo ya sayansi na mambo ya mapenzi. Riwaya ya namna hiyo huwagawanya wasomaji upesi, na palipo na mgawanyiko ndipo mwalimu anapopimwa.

Riwaya yenyewe

Kwa "riwaya ya kisayansi" nakusudia hadithi ya kubuni ambayo kisa chake kinategemea jambo la sayansi ambalo halijatokea, lakini linasimuliwa kana kwamba linawezekana: safari ya kwenda sayari nyingine, mashine yenye akili ya mtu, au dawa inayozuia uzee. Iwapo ndani ya kisa hicho watu wawili wanapendana, na mapenzi yao yanafungamana na safari au mashine hiyo, hapo sayansi na mapenzi vimekuwa kitu kimoja.

Katika Kiswahili riwaya za aina hiyo ni chache. Iliyo karibu nayo kuliko nyingi ni Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1995. Mkangi alikuwa mwanasosholojia kutoka pwani ya Kenya. Kabla ya hapo alikuwa ameandika Ukiwa (1975) na Mafuta (1984). Mwaka 1986 aliwekwa kizuizini nchini mwake kwa sababu za kisiasa, na alifariki mwaka 2004. Katika Walenisi, mhusika mkuu, Dzombo, anahukumiwa kufa, na adhabu yenyewe ni kutiwa ndani ya chombo kinachorushwa angani. Badala ya kuangamia, anafaulu kukiongoza chombo hicho mpaka anafika katika nchi ambayo jina lake, ukilitenga silabi zake, linasema "wale ni sisi". Huko anakuta jamii inayoishi kwa usawa, na huko huko anapata mapenzi.

Riwaya hii si ya shule ya msingi. Lugha yake ni nzito na mawazo yake ni ya watu wazima. Lakini mwalimu wa shule ya msingi naye ni msomaji, na hawezi kuwafundisha watoto kutoa maoni ikiwa yeye mwenyewe hajawahi kuyatoa na kuyatetea. Kwa sababu hiyo nimeisoma pamoja na wanachuo katika kikundi cha usomaji cha jioni, nje ya ratiba, nikawaomba kila mmoja aandike maoni yake kwa sentensi tano kabla hatujazungumza. Nitayataja maoni manne yaliyojitokeza zaidi, na kueleza namna kila moja linavyoweza kufanyiwa kazi.

Maoni ya kwanza: "Haiwezekani"

Wanachuo wa mchepuo wa sayansi walikuwa wa kwanza kulalamika. Walisema kwamba mtu hawezi kutupwa angani kisha akafika katika dunia nyingine akiwa hai, na kwa hiyo riwaya inawadanganya wasomaji. Yako majibu mawili rahisi ambayo mwalimu mvivu angeyatoa. La kwanza ni "Hii ni hadithi tu." La pili ni "Mna haki, mwandishi amekosea." Majibu yote mawili yanaua mjadala.

Niliwaomba wathibitishe kwa hesabu. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa na Marekani mwaka 1977, kinasafiri kwa mwendo wa kilometa 17 hivi kwa sekunde. Mwanga husafiri karibu kilometa 300,000 kwa sekunde. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua iko umbali ambao mwanga huutumia miaka 4.2 kuumaliza. Ukigawanya mwendo wa mwanga kwa mwendo wa chombo, kisha ukazidisha kwa 4.2, utaona kwamba chombo hicho kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kufika umbali huo. Lalamiko la wanachuo, basi, lina msingi. Sasa halikuwa tena neno la kutupia. Lilikuwa maoni yenye ushahidi.

Lakini ushahidi huzaa swali jingine. Ikiwa mwandishi msomi alijua kwamba safari kama hiyo haiwezekani kwa vyombo vya siku zake, kwa nini aliitumia? Hapo tulirejea nyuma hadi Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, miaka 10 kabla ya Yuri Gagarin kuwa mtu wa kwanza kwenda anga za juu tarehe 12 Aprili 1961. Shaaban Robert aliweka nchi nzima angani bila roketi wala maelezo ya kitaalamu, na hatusikii msomaji akidai kurudishiwa fedha zake. Sote tunaelewa kwamba alipandisha nchi juu ili tuweze kuitazama vizuri nchi iliyo chini. Mshitakiwa wa Kusadikika na mhukumiwa wa Walenisi ni ndugu: wote wawili wanasimama mbele ya wakubwa wasiotaka kusikia.

Tofauti iliyopo ni hii: Mkangi alichagua chombo. Mwandishi anayetumia jini hadaiwi hesabu, bali anayetumia mashine amejitia mwenyewe katika deni la sayansi, na msomaji ana haki ya kumdai kiasi. Kiasi gani? Hilo ni swali ambalo wanachuo walilijadili kwa saa nzima bila kuafikiana, na sikuona sababu ya kuwaafikisha.

Maoni ya pili: "Mapenzi hayana kazi humu"

Wengine walisema kwamba mapenzi yametiwa ili kulainisha habari kavu za siasa na mashine. Wenzao wakawajibu kwamba bila mapenzi wasingefika ukurasa wa mwisho. Huu ni ubishi ambao mwalimu atakutana nao kila mara, kwa sababu wasomaji wengi huvitenga vitu hivi viwili: huku sayansi, kule mapenzi, na kila mtu na chake.

Nadhani utengano huo ndio unaopotosha. Katika riwaya ya aina hii kazi ya sayansi ni kuumba umbali, na kazi ya umbali ni kuyajaribu mapenzi. Mtu akiwa katika sayari ya Mirihi, ujumbe wake huchukua kati ya dakika 3 na dakika 22 kufika duniani, kulingana na mahali zilipo sayari hizo mbili katika mizunguko yao. Neno "nakupenda" likisemwa leo kutoka nyota ya jirani, litasikika baada ya miaka minne na zaidi. Je, aliyelisema bado analimaanisha siku linapofika? Swali hilo ni la sayansi na la mapenzi kwa wakati mmoja, na ukiondoa upande mmoja, wa pili unabaki haufai.

Kwa watu wa Ileje, Mbozi na Rungwe swali hilo halihitaji roketi. Wakati wa ukoloni vijana wengi wa nyanda hizi za kusini magharibi walikwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Walioachwa nyumbani waliyajua maswali yote ya riwaya ya anga: barua inayokawia, fedha zinazokuja bila mwenyewe, mtoto asiyemjua baba yake, na mtu anayerudi akiwa mgeni katika kijiji chake. Msomaji anayeona kwamba mapenzi hayana kazi katika riwaya ya safari ndefu aulizwe, "Ni nani aliyesafiri katika ukoo wenu, na ni nani aliyengoja?" Halafu arudi kitabuni na kuonyesha ni wapi mwandishi ameutumia umbali huo na ni wapi ameusahau.

Maoni ya tatu: "Mwanamke huyu ni zawadi ya msafiri"

Maoni haya yalitolewa na mwanachuo mmoja wa kike, na kwa maoni yangu yalikuwa na uzito kuliko yote. Alisema kwamba katika hadithi nyingi za safari za ajabu, tangu ngano za bibi zetu hadi sinema za siku hizi, mwanamume husafiri, hupambana, na mwisho hukuta mwanamke amewekwa mwishoni mwa njia kama zawadi ya mshindi. Akauliza kama Walenisi, inayohubiri usawa, imeukwepa mtego huo. Wanachuo wa kiume waliguna. Mmoja alimwambia kwamba anatafuta makosa.

Mwalimu akinyamaza hapo, mguno unashinda. Akimtetea mwanachuo huyo kwa cheo chake cha ukufunzi, ushindi utakuwa wa cheo. Njia iliyobaki ni kitabu. Kikundi kiligawanywa mara mbili, nusu watafute mahali ambapo mwanamke huyo anafikiri, anaamua au anapinga. Nusu watafute mahali ambapo anatazamwa tu au anapewa. Siku tatu baadaye kila upande ulirudi na kurasa zake. Hawakukubaliana, lakini hakuna aliyeguna tena, kwa kuwa aliyetaka kupinga alilazimika kusoma kwa sauti sehemu aliyoitegemea.

Yafaa tukumbuke jinsi maoni yasiyo na ukurasa yalivyowahi kuiumiza fasihi yetu. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, wako waliosema kwamba kitabu hicho kinafundisha uasherati, na kwa muda kikazuiwa kutumika shuleni. Wasomaji wengine waliona kinyume, kwamba kinaonya juu ya malezi ya ukali yanayomwachia msichana ulimwengu bila kumwandaa. Pande zote mbili zilikuwa na haki ya kusema. Hasara ilikuwa kwamba katazo liliwazuia wanafunzi, ambao ndio waliohusika hasa, wasiweze kulipima jambo hilo kwa kusoma. Mapenzi katika kitabu huwatia hofu wakubwa. Hofu hiyo haina budi kuheshimiwa pale inapomlinda mtoto mdogo, lakini nayo pia idaiwe ushahidi kama maoni mengine.

Maoni ya nne: "Mambo haya si ya kwetu"

Maoni ya nne ndiyo yaliyonitia wasiwasi zaidi kwa sababu yalitoka kwa watu wanaokwenda kufundisha watoto. Yalisema kwamba habari za anga ni za Wazungu. Mwafrika aandike juu ya kijiji, jembe na ukoo. Aliyesema hivyo alidhani anatetea utamaduni wetu. Kwa kweli alikuwa akiupunguza.

Mkoa wetu wa Songwe una Kimondo cha Mbozi, kilichoko Ndolezi karibu na Kilima cha Marengi. Ni bonge la chuma lenye nikeli kidogo, urefu wake karibu mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Kilianguka kutoka angani zamani ambazo hakuna anayezikumbuka, na ingawa wataalamu wa nje walikiandika kwa mara ya kwanza mwaka 1930, wenyeji walikuwa wakikijua kabla ya hapo. Mtoto wa Songwe anaweza kukigusa kwa mkono wake kitu kilichotoka anga za juu. Ni watoto wangapi duniani wenye bahati hiyo?

Tena tazama pwani ya Kenya, nyumbani kwa Mkangi. Karibu na Malindi palikuwa na jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini na Waitalia kwa ajili ya kurushia roketi. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, kilirushwa chombo cha kwanza kilichotengenezwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, nacho kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Wakulima wetu nao tangu kale waliitazama Kilimia, lile kundi la nyota ambalo jina lake limetokana na kulima, ili wajue majira ya mvua. Anga imekuwa yetu siku zote. Mwenye maoni ya kwamba si yetu aulizwe ushahidi wake, naye ataona kwamba hana.

Maswali matatu ya kuyapimia maoni

Kutokana na mjadala huo nimeona kwamba maswali matatu yanatosha kuyageuza maoni kuwa somo, na kwamba yanafaa kwa mwanachuo na kwa mtoto wa darasa la tano vile vile.

La kwanza: Umeona nini? Neno "nzuri" au "mbaya" halijasema kitu. Mwanafunzi ataje jambo lililompendeza, lililomchosha au lililomkera.

La pili: Wapi? Aonyeshe mahali penyewe katika hadithi. Kama hadithi imesimuliwa kwa mdomo, arudie maneno au tendo alilolikumbuka.

La tatu: Mwenzako ameona nini? Asikilize maoni yaliyo tofauti na kuyaeleza kwa haki kabla hajayajibu. Swali hili ndilo gumu kuliko yote, hata kwa watu wazima.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, baadhi ya wanachuo walipangiwa shule za kata ya Mbebe, wilayani Ileje. Kwa kuwa Walenisi isingefaa huko, mmoja wao alitunga hadithi fupi ya aya sita. Kijana Ambakisye anapanda chombo kwenda katika nyota ya mbali kutafuta mbegu ya mahindi isiyoshambuliwa na wadudu. Anamwachia mchumba wake, Tupokigwe, ahadi ya kuandika. Kila ujumbe wake unachukua miaka minne kufika. Hadithi inaishia siku ujumbe wa kwanza unapopokewa, bila kueleza umesema nini.

Mwanachuo alipouliza maoni, mvulana mmoja alisema kwa sauti, "Tupokigwe ameshaolewa." Darasa lilicheka. Mwalimu wa zamani angemkemea kwa utovu wa adabu, na somo lingerudi kwenye mbegu ya mahindi. Mwanachuo alimwuliza, "Umeona nini hata ukasema hivyo? Wapi?" Mvulana akajibu, "Barua imechelewa miaka minne. Yeye hajui kama Ambakisye yu hai." Msichana aliyeketi mbele akainua mkono. Kwanza alirudia sababu ya mwenzake, kisha akasema, "Lakini yeye alijua tangu mwanzo kwamba itachukua miaka minne. Aliambiwa. Kwa hiyo miaka minne si kuchelewa."

Ningeomba kila mwanachuo aisome tena sentensi hiyo ya mwisho. Mtoto huyo ametofautisha kuchelewa na kuwa mbali. Ametumia jambo la sayansi kuamua jambo la uaminifu, na amefanya hivyo kwa Kiswahili, ilhali nyumbani watoto wengi wa huko huzungumza Kindali, Kimalila au Kilambya. Hakuna swali la "Taja wahusika wawili wa hadithi hii" ambalo lingeifikia akili hiyo.

Mpango wa kipindi

Kwa wale watakaopenda kujaribu, kipindi cha dakika 40 chaweza kugawanywa hivi. Dakika 10 za kwanza mwalimu asome au asimulie hadithi mara mbili, bila kuikatiza kwa maelezo. Dakika 5 kila mwanafunzi aandike sentensi moja ya maoni yake, akiwa peke yake, kabla hajasikia ya mwenzake. Sharti hili ni muhimu, kwani watoto hufuata upesi maoni ya mwenye sauti kubwa. Dakika 15 wazungumze katika vikundi kwa kufuata maswali matatu, na kila kikundi kichague maoni mawili yanayopingana. Dakika 10 za mwisho mwalimu aandike ubaoni maoni hayo kwa maneno ya watoto wenyewe, pamoja na ushahidi wa kila upande. Dhamira na mafunzo vitajitokeza hapo bila kusukumwa, na kipindi kifuatacho kinaweza kuyapa majina yake ya kitaalamu.

Mwalimu asiandae jibu, bali aandae maswali ya kufuatia. Katika andalio la somo, mahali pa "mambo makuu", aandike yale anayodhani watoto watabishania. Wakibishania jambo jingine, aliandike baada ya kipindi, kwani hapo amejifunza kitu juu ya darasa lake.

Pingamizi

Ninajua kwamba zitatolewa pingamizi, nazo si za kudharauliwa.

Ya kwanza ni wingi wa wanafunzi. Darasa lenye watoto 90 haliwezi kumsikiliza kila mmoja. Ni kweli. Lakini linaweza kumwandikisha kila mmoja sentensi moja, na mwalimu anaweza kusoma sentensi 15 kila siku, hata kwa siku sita akawa amewasikia wote. Katika mfumo wa kujibu kwa pamoja, hao 90 wamesema neno moja na hakuna hata mmoja aliyesikika.

Ya pili ni mtihani. Tangu mwaka 2012, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulipoanza kusahihishwa kwa mashine, maswali ya kuchagua herufi yalishika nafasi kubwa, na walimu wengi wakaona kwamba maoni hayana alama. Hata hivyo, mtoto anayefaulu swali la ufahamu ni yule aliyezoea kurudi katika kifungu na kutafuta mahali palipo na jibu. Swali "Wapi?" ndilo zoezi hilo hilo. Kumfundisha mtoto kutoa ushahidi wa maoni yake ni kumfundisha ufahamu wenyewe.

Ya tatu ni adabu. Wazazi na hata walimu wenzetu huogopa kwamba mtoto aliyezoeshwa kupinga kitabu atampinga mkubwa. Nami nasema kwamba mtoto aliyefundishwa kueleza kwa haki maneno ya mwenzake kabla ya kuyajibu amefundishwa adabu iliyo kubwa kuliko kunyamaza. Barazani kwa wazee wetu hakuna aliyeruhusiwa kujibu hoja kabla ya kuonyesha kwamba ameisikia.

Hitimisho

Mwanachuo anayesoma makala haya atafundisha, Mungu akimjalia, kwa miaka 30 au zaidi. Akiingia darasani na mazoea ya kuuliza maoni asiyokusudia kuyatumia, watoto watayatambua mazoea hayo katika wiki ya kwanza. Watajifunza kwamba neno "nzuri" linatosha kumfanya mwalimu aendelee, nao watalitoa kila mara, katika hadithi, katika mkutano wa kijiji, na mbele ya kila mtu atakayewauliza jambo akiwa tayari ameshaamua.

Nashauri basi hatua moja ndogo. Kila mwanachuo anunue daftari la kurasa 48, na katika mazoezi yake ya kufundisha aandike humo, kila siku, maoni mawili ya watoto kwa maneno yao wenyewe, pamoja na ushahidi walioutoa. Asiyasahihishe lugha wala asiyapambe. Akirudi chuoni, daftari hilo liletwe katika semina ya mbinu za kufundishia na lisomwe pamoja na maandalio ya masomo. Tutajua kwa daftari hilo, upesi kuliko kwa ripoti yoyote, ni nani aliyewafundisha watoto na ni nani aliyefundisha ubao.